Tupeane uzoefu: muundo wa kampuni unapobadilika, mfumo wa kompyuta hufanya nini?

Ndugu zangu wa Lubumbashi na kwingineko, jimbo la Katanga lilipogawanywa mwaka 2015 likazaa Haut-Katanga, Lualaba, Haut-Lomami na Tanganyika, kampuni nyingi zilipanga upya matawi yake. Mliosimamia mifumo yao, tuelezeni ni nini kilistahimili na ni nini kiliandikwa upya.

Fundi wa Katuba: Nilitunza mfumo wa ankara wa muuzaji wa saruji. Jina la jimbo lilikuwa limeandikwa ndani ya programu yenyewe, na bosi akaagiza neno Katanga lifutwe kila mahali. Nilikataa, kwa sababu ankara ya Machi 2015 ya mteja wa Kolwezi ingesomeka kuwa ni ya Lualaba, jimbo ambalo wakati huo lilikuwa bado halijaanza kazi. Tukaunda jedwali la majimbo lenye tarehe ya kuanza na ya kukoma, ili programu isome kwanza tarehe ya ankara ndipo ichague jina. Siku hizi tawi likihamishiwa idara nyingine, karani anaongeza mstari mmoja tu wala hanipigii simu, jambo ambalo mfuko wangu haukulifurahia.

Mhasibu wa Kampemba: Kwetu ilikuwa hivyo hivyo upande wa hesabu. Mpango wa akaunti wa OHADA (jumuiya ya nchi za Afrika zinazotumia sheria moja za biashara) uliorekebishwa ulipoanza kutumika tarehe 1 Januari 2018, baadhi ya akaunti zilifutwa na nyingine zikaongezwa. Akaunti za zamani tulizifunga kwa tarehe bila kuzifuta, na taarifa za 2017 bado zinatoka sawasawa.

Mchambuzi wa Ruashi: Nakubaliana nanyi, ila kwa kiasi. Idhini ya malipo tuliiunganisha na cheo badala ya jina la mtu, na mkurugenzi alipoondoka, kazi haikusimama. Lakini baadaye kila idara ilidai mipangilio yake, hadi ikawa hakuna anayejua hati ya malipo inapita mikono ya nani. Melvin Conway, mtaalamu wa kompyuta wa Marekani, aliandika mwaka 1968 kwamba mfumo hufuata jinsi watu waliousanifu wanavyowasiliana. Idara zetu zilikuwa hazisemezani, na hilo lilionekana kwenye skrini. Je, kwenu ni nani mwenye ruhusa ya kubadili majedwali hayo, na mabadiliko yake yanaandikwa wapi?