Nimewarudishia Probox yao kwa mikono yangu, sasa wananidai 187,470

Watu wangu, mulembe. Leo sina salamu ndefu, nimekasirika hadi chai imenishinda.

Saa kumi na mbili asubuhi ujumbe umeingia kwenye simu: "Mteja wetu mpendwa, deni lako ni shilingi 187,470. Lipa ndani ya siku 7 au jina lako lipelekwe CRB." CRB ni kule wanakoandikwa wasiolipa madeni. Mpendwa! Gari wamechukua, gari wameuza, hela wametia mfukoni, na bado mimi ni mpendwa wao.

Jina la kampuni sitalitaja. Nikishtakiwa kwa kuwachafulia jina sina pa kutoa pesa ya wakili. Ni yadi moja pale Kisumu, mojawapo ya zile za lipa polepole, na mwenye kujua ameshajua.

Nilichukua Probox ya mkono wa pili. Bei ya kulipa taslimu ilikuwa 850,000. Nikatoa 300,000, akiba yangu yote ya SACCO pamoja na ng'ombe wawili wa mama ambao mpaka leo sijamrudishia. Zilizobaki 550,000 zikawekewa riba ya asilimia 3 kwa mwezi, miezi 24. Niliposikia tatu nikaona hawa ni watu wa Mungu. Chama cha akina mama kule Chavakali kinatoza kumi! Kumbe tatu hiyo haishuki. Wewe unalipa, deni linapungua, lakini riba inapigwa kwenye 550,000 ileile mpaka mwezi wa mwisho: 16,500, 16,500, 16,500. Awamu ikawa 39,417 kila mwezi. Jumlisha na malipo ya kwanza uone: gari la 850,000 likawa la 1,246,000. Nami nilitia sahihi nikitabasamu. Picha ipo, nimeshika funguo na shati nililooa nalo.

Nililipa awamu 14 bila kuruka hata moja. Asubuhi abiria kutoka Mbale, hii yetu ya Vihiga, kushuka Majengo, Gambogi, Kiboswa hadi Kisumu, jioni kupanda na mizigo ya akina mama wa soko. Mwezi wa 15 mzee akalazwa, mimi nikawa wodini, gari likalala nyumbani karibu wiki tatu. Hapo sitaki huruma ya mtu, ni maisha. Nilichelewa, nikapiga simu mwenyewe kabla hawajanipigia.

Afisa wa mikopo akaniongelesha kama ndugu. "Kaka, usijiumize. Leta tu gari, tuuze, deni liishe, kila mtu ashike njia yake." Hayo ndiyo maneno yake, na kosa langu ni kwamba yalikuwa ya mdomo, na mdomo hauna stempu.

Nikateremka na gari mwenyewe. Petroli ya shilingi 1,000 niliweka pale Majengo, ujumbe wa M-Pesa ninao. Nimefika yadini nikapewa karatasi moja ya Kiingereza niweke sahihi juu ya boneti, jua la saa saba limenikaa utosini. "Ni ya kuonyesha tumepokea gari." Nikasaini. Nikapanda matatu kurudi nyumbani, nikamwambia mke wangu tumepumua.

Sasa sikilizeni hesabu yao, niliyoipata baada ya kwenda ofisini mara tatu. Awamu 10 zilizobaki, 394,170. Faini ya kuchelewa, 11,800. Kuvuta gari kwa breakdown, 15,000. Jamani, gari lililokuja kwa magurudumu yake manne na mwenyewe nikiwa nimeshika usukani! Nilipomuuliza yule madam wa hesabu breakdown ilinivuta kutoka wapi, akaniambia "hiyo ni standard". Kuegesha yadini siku 47 kwa 500 kwa siku, 23,500, na hizo siku 47 ni zao za kutafuta mnunuzi, mimi nilishatoa funguo siku ya kwanza. Dalali, 31,000. Kulipia traka, kile kifaa cha kufuatilia gari lilipo, mwaka mwingine, 12,000, traka ya gari ambalo sinalo. Barua ya wakili, 10,000, na barua yenyewe ndiyo hii ya kunitisha. Jumla 497,470. Wanasema gari liliuzwa 310,000. Toa hapo, ndipo 187,470 inapotoka.

Yote hayo ningeyameza na maji, ila lile la kwanza. Awamu 10! Mwezi wa 15 nilikuwa na gari, sibishi, nitaulipa. Hizo tisa nyingine ndani yake kuna riba ya 16,500 mara tisa, yaani 148,500. Riba ya miezi ambayo haijazaliwa! Gari walishaliuza, pesa yao wameshaipata, huenda wameshamkopesha mtu mwingine anayelipa riba ya miezi hiyohiyo, na mimi bado nalipishwa. Mwenye nyumba akikubali uhame, akapangisha mtu mwingine, anakudai kodi ya miezi ambayo huyo mwingine anaishi humo?

Dada yangu ni mhasibu, na hapendi hasira zangu. Akaniambia nitulie, maana katika mikopo ya namna hii riba nyingi huliwa mapema na sehemu kubwa ya mtaji, yaani pesa yenyewe niliyokopa, hulipwa mwishoni, kwa hiyo si haki niseme natoa tu 148,500 na kuondoka. Akakaa na kompyuta yake. Akapata kwamba ile asilimia 3 isiyoshuka, ukiigeuza iwe riba inayoshuka na deni, ni karibu asilimia 4.9 kwa mwezi. Soma tena: 4.9 kwa mwezi. Na hata kwa kipimo hicho chao kikali, siku niliyorudisha gari, pamoja na awamu ya mwezi wa 15, deni langu lilikuwa kama 321,000. Wao wanaandika 394,170. Elfu 73 zimetoka hewani.

Kwa hiyo sisemi sidaiwi kitu. Toa 310,000 kwenye 321,000, ibaki kama 11,000, weka faini ya kuchelewa, weka dalali, tunafika kama elfu 54. Wakiniletea karatasi ya elfu 54 yenye risiti nitalipa kidogokidogo na nitawashukuru. 187,470 hapana.

Halafu kuna jambo lililonitoa usingizi kabisa. Mbale pale kuna kijana karani wa wakili, tulisoma naye. Nikamwonyesha mkataba, akacheka mpaka nikakasirika. Akaniuliza, "Ulikuwa umelipa ngapi zote pamoja?" Nikajumlisha: 300,000 na awamu 14, jumla 851,838. Akanishika bega. Sheria ya Hire Purchase, yaani ya lipa polepole, Sura ya 507 ya Sheria za Kenya, inasema mteja akishalipa theluthi mbili ya bei yote, mwenye gari hawezi kulichukua kwa nguvu bila kwenda mahakamani. Theluthi mbili ya 1,246,000 ni kama 830,667. Mimi niliivuka kwa awamu ile ya 14!

Mmeelewa sasa kwa nini yule afisa alikuwa mpole? Kwa nini hakutuma dalali na vijana wa kufungua milango kwa waya kama wanavyowafanyia wengine? Hawangeweza. Walihitaji nilete gari mwenyewe na niseme kwa maandishi kwamba nimetoa kwa hiari. Ile karatasi ya boneti, ambayo ati ilikuwa ya kupokea gari, kichwa chake ni "Voluntary Surrender", na aya ya nne inasema nakubali kulipa pengo lolote litakalobaki baada ya mauzo. Nimeisoma juzi kwa mara ya kwanza, nimevaa miwani ya mzee. Huo upole ulikuwa na bei, na bei yake ndiyo hii 187,470.

Na mnada? Sikupewa tarehe, sikuona tangazo la gazeti, sikuambiwa nani alinunua. Miezi minne kabla, mkadiriaji wa bima alikuwa ameliandika gari lilelile 640,000. Wiki iliyopita nimeliona Kondele, nalijua kwa ufa wa taa ya nyuma upande wa kushoto ambao mwanangu aliupiga na mpira. Nikamsalimia dereva, mzee mpole tu, akaniambia yeye alinunua 465,000 kwa mtu aliyelitoa kwa mtu mwingine. Sina ushahidi wa kusema mtu amekula 155,000 hapo katikati. Ila hesabu za darasa la tatu ninazijua.

Nimewaandikia barua, nikaipeleka kwa mkono na nakala yangu ikapigwa muhuri. Nimetaka taarifa ya akaunti tangu siku ya kwanza, karatasi za mnada, risiti ya hiyo breakdown, na riba ya miezi ambayo sikuwa na gari iondolewe. Jibu lao ni huo ujumbe wa asubuhi.

NYONGEZA, saa mbili usiku: Anayeandika "ulisaini, lipa, acha kulia" nimekuona. Nilisaini kurudisha gari. Sikusaini kwamba lilivutwa. Aliyeuliza kama mkataba wangu ni wa lipa polepole kweli au ni mkopo wa logbook, swali zuri sana, nimerudi kuuangalia: unasema gari ni la kampuni hadi awamu ya mwisho, mteja ni mimi binafsi na si kampuni, na bei haifiki milioni 4, kwa hiyo karani anasema sheria ile inanihusu. Kama wako ni mkopo uliowekea gari lako mwenyewe dhamana, usinitumie mimi kama mfano, uliza wakili. Na wewe unayesema tuende tukae mbele ya lango lao na mabango, asante, lakini mzee bado ni mgonjwa.

Karani ameniambia Mahakama ya Madai Madogo inasikiza kesi isiyozidi shilingi milioni 1, unajitetea mwenyewe, na sheria inataka iamuliwe ndani ya siku 60. Kuhusu dalali, kuna bodi ya leseni za madalali ya kupelekea malalamiko.

Ninachotafuta hapa ni mtu mmoja tu aliyesaini karatasi kama ile ya boneti, Kisumu, Kakamega, Busia, popote, akaipinga mbele ya hakimu. Uliambiwa nini? Jumatatu saa mbili niko mlangoni kwao na barua ya pili, nataka kujua niandike nini ndani.