Sinema za makauboi zilitudanganya tangu utotoni

Wakuu, nina hasira na nitaandika nikiwa nayo hivi hivi.

Jumapili nilikaa na mpwa wangu kuangalia The Searchers, ile ya mwongozaji John Ford ya 1956, stelingi John Wayne, anayemtafuta mpwa wake aliyetekwa na Wakomanche, kabila la wenyeji wa Marekani. Mara ya kwanza niliiona kwenye kibanda cha video, tumebanana kwenye mabenchi, na kila "Mhindi Mwekundu" akianguka kutoka kwenye farasi kibanda kizima kinalipuka kwa shangwe. Nilishangilia kuliko wote.

Safari hii kamera ikamsogelea Scar, chifu wa Wakomanche. Dogo akauliza, "Mjomba, mbona macho yake ya buluu?" Nikasimamisha picha. Buluu kweli! Aliyeigiza ni Henry Brandon, mzaliwa wa Berlin. Mzungu kapakwa rangi, kabandikwa manyoya kichwani, ndiyo chifu! Na wale wapanda farasi wanaomfuata ni Wanavajo, kabila jingine la wenyeji, kwa kuwa picha ilipigwa Monument Valley, kwenye ardhi yao. Yaani wenyeji walifaa kuanguka na kufa, ila nafasi ya kusema akapewa mgeni.

Si hiyo tu. 1954 mzungu Burt Lancaster kawa Mwapache, kabila jingine la wenyeji. 1962 Geronimo mwenyewe, kiongozi wa Waapache, kaigizwa na Chuck Connors, macho ya buluu vilevile.

Ila kilichoniuma zaidi ni yule mwanamke wa Kikomanche, Look. Martin, kijana anayesafiri na John Wayne kwenye msako, anafanya biashara na ndugu zake Look, anadhani kanunua blanketi, kumbe kapewa mke. Usiku anakuja kulala kando yake. Martin anampiga teke, anabingirika mteremko mzima, na John Wayne anacheka. Hapo ndipo tulipotakiwa kucheka na sisi, na pale kibandani tulicheka sana. Mpwa wangu alikaa kimya. Baadaye Look anakutwa amekufa kwenye kambi iliyovamiwa na wanajeshi, na hadithi inasonga mbele.

Halafu sisi Weusi tuko wapi? Wanahistoria wanakadiria kuwa kati ya makauboi 4, mmoja alikuwa Mweusi. Katika visa halisi vinavyotajwa kuwa chimbuko la hadithi hii kipo cha Britt Johnson, Mweusi wa Texas. Mkewe na watoto wake walitekwa 1864, akawatafuta mpaka wakarudi. Kwenye filamu anayetafuta ni mzungu! Bass Reeves, aliyezaliwa mtumwa, alikuwa askari wa serikali ya Marekani kwa miaka 32 akakamata watu zaidi ya 3,000. Nani alimwona pale kibandani?

Ford huyo huyo 1960 alitoa Sergeant Rutledge. Rutledge ni Woody Strode, Mweusi, na kisa chote ni chake. Angalieni majina yanapopita mwanzoni: anayetangulia ni Jeffrey Hunter, yule yule aliyempiga Look teke. Strode ni wa nne.