Watu wa Kihambani

Jumapili

Wifi Mama Glory [18:52]: Kikao cha kipaimara kimeisha salama. Mchango bado watu wanne, mnajijua. Mama Junior hatukukuona leo, unaumwa?

Mama Junior [18:58]: Shikamooni wakubwa. Siumwi wifi. Nilikuwa Arusha tangu asubuhi, ndo nimeshuka stendi sasa hivi. Mchango natuma leo leo.

Baba Mdogo [19:03]: Marahaba. Arusha Jumapili nzima? Biashara au msiba?

Mama Junior [19:05]: Si biashara si msiba baba mdogo. Nilienda kukutana na wanawake wenye jeni kama yangu. Tulikuwa sita.

Dada Upendo [19:06]: Umefika Arusha hujanipitia 🙄

Mama Junior [19:07]: Ulisema habari hizo nisikuletee kwako dada. Nimetii.

Dada Upendo [19:07]: 😶

Wifi Mama Glory [19:15]: Samahani jamani, mimi niliyeolewa huku sijawahi kuelewa vizuri. Mwaka jana ulisema umepimwa, majibu yametoka, kansa huna. Tukashukuru. Sasa hao wenzako ni wenzako kwa lipi?

Mama Junior [19:26]: Hapo hapo wifi. Kansa sina. Nina hitilafu kwenye jeni inaitwa BRCA1. Kila mtu anazaliwa na hiyo jeni, kazi yake ni kukarabati seli zikiharibika. Mimi moja imezaliwa mbovu. Nilivyoelezwa, wanawake 100 wenye hali yangu, kama 72 watapata kansa ya titi kabla ya kufikisha miaka 80, na kama 44 kansa ya ovari, vile vifuko vya mayai. Sasa mimi nina 36. Niite mzima au mgonjwa?

Wifi Mama Glory [19:27]: Mh

Mama Junior [19:34]: Miezi minane sikujua nikae wapi. Nilijaribu kikundi cha wanaotibiwa kansa, hapa hapa Moshi. Watu wema kabisa. Nimekaa na mama yuko kemo ya nne, kucha zimekuwa nyeusi, ananiuliza "wewe uko hatua ya ngapi?" Nikasema bado sijaugua. Akanipa pole, lakini wa pembeni yake akaguna, "basi mwanangu nenda kashukuru Mungu." Wala sikumlaumu. Nilitoka hapo nikiona nimeenda kuomba chakula kwenye nyumba yenye njaa. Kazini nako nikifungua mdomo naambiwa nisijitabirie. Baba Junior ananisikiliza, ila naona macho yake yanapiga hesabu za hela.

Baba Mdogo [19:36]: Na kweli usijitabirie. Maneno huumba.

Baba Mdogo [19:37]: *Imesambazwa mara nyingi* MAJANI YA MSTAFELI YANAMALIZA KANSA ZOTE NDANI YA SIKU 21. Chemsha majani 12...

Doreen [19:38]: Baba hiyo Machi ulituma ikiwa ya kisukari 😂

Baba Mdogo [19:38]: Wewe soma huko Dodoma.

Mama Junior [19:40]: Baba mdogo, jeni niliyozaliwa nayo haichemshiwi jani. Asante lakini.

Wifi Mama Glory [19:41]: Endelea wewe. Hao sita uliwapataje?

Mama Junior [19:52]: Nesi wa kliniki. Kuna siku alinikuta nimekaa kwenye benchi nimemaliza ultrasaundi na sitaki kuondoka. Hakusema kitu. Wiki iliyofuata akanipigia: kuna mama Arusha ana jeni hiyo hiyo, nimemuuliza amekubali nikupe namba, na wewe je? Nilipenda kwamba aliuliza pande zote mbili kwanza.

Nikampigia. Ni fundi cherehani, yuko pale Kilombero karibu na soko. Aliugua titi akiwa na 41, likatolewa, jeni akaja kujua baadaye. Swali lake la kwanza kabla hata ya salamu kuisha: "Unalala?"

Jamani. Daktari ananiuliza hedhi, ndugu wananiuliza kama nimeshaombewa. Hakuna aliyewahi kuniuliza kama nalala. Vocha ilikata mara mbili siku hiyo.

Wifi Mama Glory [19:53]: 😢

Mama Junior [20:04]: Basi leo kabla wengine hawajafika aliniingiza nyuma ya pazia, pale anapopimia wateja magauni. Akavua blauzi. Kovu limelala kutoka katikati ya kifua mpaka kwapani, jembamba, linang'aa kama ukosi uliopigwa pasi mara nyingi. Akasema gusa. Nikagusa. Upande wa kwapani hasikii kitu mpaka leo. Halafu akanipa sidiria yake niishike. Upande wa kushoto ameshonea mfuko, ndani mna ulezi.

Dada Upendo [20:05]: Ulezi???

Mama Junior [20:08]: Ulezi dada. Anasema mwanzo alijaza pamba, lakini pamba nyepesi, bega likawa linapanda na kila blauzi inavutwa upande mmoja. Ulezi una uzito na unakaa, ukiinama unainama na wewe. Huo mfuko alipima kwenye mizani ya muuza nyanya mpaka ukalingana na titi lililobaki. Msimu wa mvua anaumwaga na kuujaza mpya, maana mwaka wa kwanza jasho liliuingia ukaanza kuota.

Wifi Mama Glory [20:09]: 🤣🤣 Mungu nisamehe

Mama Junior [20:10]: Cheka wifi. Sisi tulicheka mpaka mteja akachungulia. Mmoja akasema ungeuacha ukauke ukausaga, ungepata kimea cha mbege ya Krismasi.

Baba Mdogo [20:12]: Hiyo mbege simo.

Mama Junior [20:13]: Sikumbuki lini nilicheka juu ya kitu hiki. Hapa nyumbani hatucheki, tunanong'ona.

Shangazi Mkubwa [20:31]: 🎤 2:14

Doreen [20:40]: Kwa wasio na bando: shangazi anasema yeye ndiye alikuwa anamwogesha marehemu Shangazi Eli, 2003, Eli aliporudi kutoka kwenye mionzi Ocean Road, ile hospitali ya kansa Dar. Eli alikataa mtu mwingine yeyote aone kifua chake, hata mumewe. Shangazi akamwambia mdogo wangu ongea na watu upunguze uzito moyoni. Akamjibu, "nimwambie nani anayejua?" Anasema hilo neno halijamtoka. Halafu analia kidogo, halafu anauliza huyo mama wa Kilombero ni wa wapi kwa asili.

Mama Junior [20:42]: Ni Mmeru shangazi. Shikamoo mama yangu.

Shangazi Mkubwa [20:44]: 🎤 0:04

Doreen [20:44]: Marahaba mwanangu.

Baba Mdogo [20:51]: Sasa niulize mimi. Hii kitu umeitoa wapi? Upande wa mama yako kule Marangu sijasikia mtu.

Mama Junior [20:59]: Baba mdogo nisamehe naandika hapa badala ya kuja. Imetoka kwetu. Hesabu mwenyewe. Shangazi Eli titi, ana 43. Shangazi Mdogo tumbo likajaa maji, ana 49, tukaambiwa ini. Bibi naye 1984 tumbo, mkasema karogwa kwa ajili ya kahawa ya mto ule. Ovari zikiugua tumbo hujaa hivyo hivyo.

Baba Mdogo [21:01]: Hao ni wanawake. Wewe umezaliwa na kaka yangu, hakuwahi kuumwa hata kichwa.

Mama Junior [21:06]: Aliwahi kufa kwa ajali baba mdogo, ana 38. Mwanaume anaibeba kama mwanamke na anaigawa kama mwanamke. Mwenye nayo, kila mtoto wake ni nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Haina kwamba imeruka kizazi. Aliyeikosa ameikosa, na wanawe hawaipati kwake.

Doreen [21:07]: Tulifundishwa. Mary-Claire King, Mmarekani, ndiye aliyeonyesha 1990 kwamba iko kwenye kromosomu ya 17. Si uchawi baba. Na wengi wenye kansa ya titi hawakurithi, wa kurithi ni kama 5 mpaka 10 katika 100. Ila ukoo ukiona hivi, mmoja baada ya mwingine na umri mdogo, ndo unashtuka.

Doreen [21:09]: Ujumbe huu umefutwa

Doreen [21:12]: Kwa hiyo na sisi kwa baba...

Mama Junior [21:12]: Doreen hilo mpigie simu. Au nipigie mimi.

Wifi Mama Glory [21:20]: Na wewe sasa unafanyaje? Unakaa unasubiri?

Mama Junior [21:33]: Titi linachunguzwa kila mwaka. Ovari ndo mtihani, hakuna kipimo cha kuaminika cha kuiwahi. Kwa hiyo wenye BRCA1 wanashauriwa, ukishamaliza kuzaa, kati ya 35 na 40 zitolewe pamoja na mirija. Na mimi nina 36 na Junior hana mdogo wake. Najua mnavyoniangalia Desemba mkija.

Nililileta hilo leo. Yupo aliyetolewa mwaka juzi ana 39. Hakunishauri nifanye wala nisifanye. Alisema hedhi ilikatika siku hiyo hiyo, na kwamba usiku anaamka shuka limelowa, anafungua dirisha, mume anavuta blanketi, wanagombana saa nane za usiku kama watoto. Akasema na hamu ilipotea muda mrefu, hilo daktari alilisema kwa haraka sana. Halafu akasema tangu siku hiyo akishiba, tumbo likijaa, anajua ni makande.

Ndo nilichokuwa natafuta. Mtu wa kunieleza mpaka blanketi.

Wifi Mama Glory [21:35]: Mimi kuhusu mdogo wake Junior nimekuwa nikisema sana. Naomba radhi.

Mama Junior [21:36]: Hukujua wifi.

Dada Upendo [21:58]: Mimi sitaki kujua. Nasema hapa wote mnisome. Nina 41, nikijua nitakufa kwa mawazo kabla ya hiyo kansa. Msinipigie.

Mama Junior [22:03]: Hakuna anayekulazimisha dada. Kati ya wale sita mmoja hajapima. Dada yake alikufa, yeye hataki karatasi. Anakuja, anakaa, anamenya machungwa ya watu wote. Hatumuulizi.

Dada Upendo [22:19]: Anamenya machungwa tu?

Mama Junior [22:20]: Na anaongea kuliko wote.

Dada Upendo [22:41]: Kilombero upande wa wapi, wa stendi ya hiace au wa nyuma?

Mama Junior [22:42]: Nyuma. Ukiona cherehani tatu nje umefika. Kila Jumapili ya kwanza, saa tano.

Dada Upendo [22:43]: Nimeuliza tu.

Wifi Mama Glory [22:50]: Na mtu akitaka kupima, gharama yake? Naulizia kwa ujumla.

Mama Junior [22:57]: Yangu ilikuwa ghali, damu ilisafirishwa nje ya nchi, nikasubiri wiki sita. Lakini sasa hitilafu yetu inajulikana iko wapi, kwa hiyo ndugu anatafutiwa sehemu ile ile tu, si kuanza upya. Kabla ya kupima unakaa na daktari anakueleza, ukitoka unaruhusiwa kubadili mawazo. Karatasi yangu ya majibu iko kwenye droo, atakayeitaka nitampa nakala. Mimi nalala jamani, kesho zamu ya asubuhi. Mchango nimetuma wifi.

Wifi Mama Glory [22:58]: Nimeuona. Lala mpenzi. Na ulale kweli.

Jumatatu

Baba Mdogo [05:11]: Mama Junior.

Baba Mdogo [05:11]: Dada zangu wawili na mama. Nimekaa sebuleni tangu saa nane.

Baba Mdogo [05:14]: Hiyo damu, unaenda na njaa?

Mama Junior [05:20]: Hapana baba mdogo. Kunywa chai yako. Nakupitia jioni nikitoka kazini.