Mrejesho: baruti na vichwa vya .38 Special

Wakuu, nimerudi. Niliuliza nitumie baruti gani na kichwa kipi (kile kipande kinachoruka) kujazia maganda ya risasi za .38 Special, kwa revolva ya kulenga karatasi yadi 25 huku Marekani ninakoishi.

Kichwa nimechukua wadikata ya greni 148 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), ya madini laini ya risasi, uso bapa kama kizibo. Inatoboa karatasi duara safi, hakuna ubishi inapogusa mstari wa alama. Zenye kitako chenye shimo naziendesha taratibu; ukizisukuma kwa nguvu, kitako kinaweza kuchanika ndani ya mtutu.

Baruti ndiyo ilinisumbua. Wengi mlisema Bullseye, na kweli hailambi pesa: pauni moja ni greni 7,000, ganda linakula chini ya greni 3. Ila ganda hili ni la enzi za baruti nyeusi iliyojaza nafasi kubwa, ndiyo maana ni refu. Kipimo kinapotelea chini, na ukimimina mara mbili hakimwagiki. Basi nayasimamisha maganda yote kwenye kibao, namulika tochi moja moja kabla ya kubana kichwa. Kiasi nafuata kitabu cha mtengenezaji, naanzia chini. Aliyenishauri nikisie kwa kijiko: mkuu, hapana!