Tunaenda Bogotá kuwaona watoto wetu, siku ya kwanza inakuwaje?

Wadau habari zenu. Mimi na mume wangu tuko Minnesota, tumepangiwa watoto wawili wa kuasili Colombia, mtu na dada yake, miaka 9 na 6, safari mwezi ujao na usingizi hamna kabisa. Kihispania chetu cha kuokoteza. Hivi ukiwaona unawakumbatia au unasubiri?

MamaWatatu: Hongera mdogo wangu! Usimkimbilie mtoto. Wa kwetu mkubwa alijificha nyuma ya mlango, sisi tukakaa zetu chini sakafuni tukatoa karata za Uno tukaanza kucheza wenyewe, baada ya kama dakika 20 huyo kaja, kakaa pembeni ya baba yake, anamchungulia karata 😂 Na masweta mbebe, Bogotá iko kama mita 2,600 juu, ngazi mbili tu unahema.

Kaka_Msafiri: Kazini ombeni ruhusa ndefu, hiyo sio safari ya wiki moja, mnakaa nao kulekule mpaka jaji wa familia atoe hukumu ndo mfuate viza ubalozini. Ila wakiingia Marekani na ile viza ya IH-3, ya watoto ambao kuasiliwa kwao kumeshakamilika kulekule, wanakuwa raia hapohapo, mradi hawajafika 18.

Muuliza swali: Asanteni jamani, Uno nanunua leo. Mzee anauliza ugali watakula?

MamaWatatu: Mwambie ajifunze arepa kwanza, vile vimkate vya kule, unga ni wa mahindi vilevile, ugali awaingize polepole 😂