Filamu gani huchoki kuirudia?

Mtu wa Ngamiani: Mie ni Sholay, ile ya Kihindi ya 1975. Wengi humsifia yule jambazi Gabbar Singh, na haki yake. Lakini mie nafia pale Jai anapopiga kinanda cha mdomo usiku, na yule mjane Radha anazima taa moja moja. Hawasemezani, macho tu. Nyie je?

Binti Chumbageni: Na ile sarafu ya Jai ya kurusha kuamulia mambo je? Jai keshakufa ndipo rafikiye Veeru anaigeuza, kumbe pande zote sawa! Mama hapo lazima ashike upindo wa kanga.

Mdigo Halisi: Nyie na Wahindi wenu! Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, 2021. Yasmin na Denge, Unguja ya mkoloni.

Mtu wa Ngamiani: Nzuri, sibishi. Ila nipe Sholay yangu, saa tatu na ushee, na sahani ya bajia.