Kempa ya kupakia kwenye pikapu iliyonyanyuliwa, itabeba kweli?

Wakuu habarini, niko Phoenix huku Marekani, nina Ford F-250 imenyanyuliwa inchi 6 na tairi za inchi 37, sasa nimepata kempa, yaani kijumba cha kulala safarini, ya kupakia kwenye bodi, muuzaji anasema ikiwa tupu ni kilo 1,100. Nataka niende nayo Flagstaff na familia, gari itahimili au nitafute ndogo?

Jibu: Mkuu fungua mlango wa dereva usome stika pale kwenye nguzo, imeandikwa watu na mzigo visizidi uzito gani, hiyo ndo namba yako. Kuinua gari hakuongezi hata kilo moja, tena hizo tairi kubwa zinakula humohumo. Na hiyo "tupu" usiiamini, maji galoni 30 peke yake yanakaribia kilo 114, bado gesi, betri, vyombo, wewe na wanao.

Jibu: Naongezea kaka, hofu yangu ni kuyumba. I-17, barabara kuu ya kutoka Phoenix kwenda Flagstaff, ina mlima mrefu na upepo wa pembeni, kempa yenyewe ndefu kwenda juu halafu umeipandisha tena juu, kwenye kona utaiona inalala. Mifuko ya upepo ya springi inanyanyua nyuma tu, haiongezi uwezo. Kapime kwenye mizani ya malori, ekseli ya nyuma ipimwe peke yake.

Jibu: Jeki za kempa je, ile miguu ya kuinyanyulia wakati wa kupakia? Bodi ikiwa juu hivyo nyingi hazifiki, watu wanapanga mbao chini, hatari sana hiyo, tafuta miguu ya kurefushia.

Muulizaji: Asanteni sana, silipi mpaka nisome stika.